Maji yasiyotiririka: namna ya kuunda upya maporomoko yaliyozama ya Mto Nile kwenye diorama

Maporomoko ya Ripon hayaonekani tena tangu miaka ya 1950. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilizinduliwa mjini Jinja, takriban kilomita 80 mashariki mwa Kampala. Maji yaliyojaa nyuma ya ukuta wake yakaifunika miamba ambayo kwa karne nyingi ilikuwa mlango wa Nile kutoka Ziwa Victoria. Maporomoko ya Bujagali, kilomita chache kuteremka mto, yalizama mwaka 2011 pale bwawa jingine la umeme lilipojazwa maji. Kwa kijana anayekulia Kampala hivi leo, kilichobaki ni maandishi, picha, video za watalii na, pale palipo na mkono stadi, modeli.

Modeli ya aina hiyo huitwa diorama: mandhari iliyoundwa kwa udogo, yenye ardhi, mimea, watu na mara nyingi maji, ili mtazamaji apate kuizunguka na kuiona kutoka zaidi ya upande mmoja. Neno hilo lilianza kutumika mjini Paris mwaka 1822, Louis Daguerre alipofungua jumba la maonyesho ya picha kubwa zilizobadilika kwa mwanga. Baadaye majumba ya makumbusho yalilichukua kwa mandhari zao za wanyama na vijiji. Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908, lilihamia kilima cha Kitante katika jengo lililosanifiwa na Mjerumani Ernst May na kufunguliwa mwaka 1954, mwaka uleule wa bwawa la Jinja. Taifa lilipata nyumba ya kuhifadhi kumbukumbu zake wakati mojawapo ya kumbukumbu zake kubwa ikienda chini ya maji.

Jijini Kampala modeli hutengenezwa zaidi na wanafunzi wa usanifu majengo, kampuni zinazouza nyumba kabla hazijajengwa, na wanafunzi wa sekondari, ambao tangu mtaala mpya wa mwaka 2020 hutakiwa kufanya kazi za mradi. Majengo huwatoka vizuri. Miti nayo haiwasumbui sana. Panapohitajika ziwa au mto, wengi hupaka rangi ya buluu na kuondoka, na hapo ndipo modeli nzima huanza kuonekana kama kitu cha kuchezea.

Kwa nini maji halisi hayafai

Wazo la kwanza la kila mwanagenzi ni kumimina maji yenyewe. Mbali na kuvuja, kuozesha mbao na kuzaa mbu, maji halisi yana kasoro moja isiyotibika: hayakubali kupunguzwa. Tone la maji lenye upana wa milimita 4 hubaki na upana huohuo popote lilipo. Katika modeli ya skeli 1:100, yaani iliyopunguzwa mara mia, tone hilo linawakilisha mpira wa maji wenye upana wa sentimita 40, kitu ambacho hakuna mto uliowahi kukitoa. Ngozi nyembamba ya juu ya maji, ile inayomwezesha mdudu kutembea juu ya dimbwi, haisikiki kwenye mto mkubwa, ila kwenye modeli ndiyo inayotawala: maji hujikunja kwenye kingo, hung'ang'ania mawe na kukataa kupasuka kuwa povu.

Wakati nao huharibika. Maji yanayoanguka mita 43, kama yanavyofanya kwenye Maporomoko ya Murchison, hutumia takriban sekunde tatu kufika chini. Kwenye modeli ya 1:100 hutumia takriban sekunde 0.3, na jicho hulitambua kosa hilo mara moja hata kama mwenye jicho hajui kulieleza. Wahandisi wa mabwawa hukabiliana na tatizo hili kwa kanuni inayobeba jina la Mwingereza William Froude, aliyefanya majaribio ya meli ndogo katika karne ya 19: urefu ukipunguzwa mara mia, muda hupungua mara kumi. Mhandisi huridhika kwa hesabu. Mtazamaji wa diorama hahesabu, anatazama tu, na kinachomtosheleza ni maji yaliyosimamishwa, kama picha ilivyokamata nukta moja ya mwendo wake.

Kuyasoma maji kwanza

Maji safi hayana rangi ya kutosha kuonekana kwenye modeli. Kile ambacho macho huita rangi ya maji ni mchanganyiko wa vitu vitatu: kilichoko chini, kilichoyeyuka au kuelea ndani, na kilichoko juu angani. Mtu anayetazama maji kutoka juu kabisa huona asilimia 2 tu ya mwanga ukirudishwa na uso wake, na jicho lake hupenya hadi chini. Akitazama kwa kuinama, karibu na uso wa maji, huona anga tupu. Kwa hiyo modeli ya mji, ambayo hutazamwa kama kutoka kwenye ndege, hudai maji yenye giza na kina. Modeli ya kijiji cha wavuvi, inayowekwa usawa wa macho, hudai uso unaong'aa kwa rangi ya mbingu.

Kampala na viunga vyake ni shule nzuri ya somo hili, kwa kuwa maji yake hayafanani. Mfereji wa Nakivubo hubeba maji ya kahawia kutoka katikati ya jiji kupitia kinamasi hadi Ghuba ya Murchison. Ghuba yenyewe, upande wa Ggaba, mara nyingi huwa ya kijani kwa sababu ya mwani unaostawishwa na uchafu huo. Ziwa la Kabaka huko Mengo, lililochimbwa katika miaka ya 1880 kwa amri ya Kabaka Mwanga, limetulia na lina kivuli cha miti. Entebbe, mbele ya upeo mpana, ziwa huwa la kijivu asubuhi na la buluu adhuhuri. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofanana na buluu ya chupa ya rangi inayouzwa dukani. Fundi mwenye busara hupiga picha kadhaa kwa saa tofauti, huchagua saa moja, na hiyo huwa saa ya modeli yake yote, kuanzia vivuli vya nyumba hadi mng'ao wa mawimbi.

Kitanda na kina

Kazi huanzia chini. Sehemu ya maji hukatwa au kuchongwa kwenye ubao au povu gumu, kisha hupakwa plasta ili isiwe na tundu. Kina halisi hakihitajiki. Sentimita moja, wakati mwingine milimita tatu tu, hutosha, kwa sababu kina hutengenezwa kwa rangi. Katikati hupakwa rangi nzito, kwa mfano kijani kinachokaribia weusi. Kuelekea ukingoni rangi huchanganywa kidogo kidogo na ile ya mchanga au tope, hadi pasiwe na mstari unaoonekana. Ziwa ambalo rangi yake imebadilika ghafla huonekana kama zulia.

Kifaa muhimu kuliko vyote katika hatua hii hakiuzwi kwenye maduka ya sanaa. Ni pima maji ya mwashi. Ziwa lililoinama hata kidogo hujitangaza, na resini ikimiminwa juu yake hukimbilia upande mmoja. Mto ni jambo jingine, kwa kuwa mto huteremka na kimiminika chochote hakikubali kukaa kwenye mteremko. Wazoefu huugawa mto kuwa ngazi fupi zilizosawazishwa, wakaficha kila ngazi kwa jiwe au mkwaruzo wa povu. Nile yenyewe hufanya vivyo hivyo kati ya Jinja na Ziwa Kyoga: mabwawa tulivu yanayofuatana na miporomoko mifupi.

Gundi, karatasi na resini

Njia rahisi kuliko zote, na pengine bora kwa ziwa la Kampala, hutumia karatasi laini ya msalani na gundi nyeupe ya maseremala. Karatasi hulazwa juu ya ubao uliopakwa gundi iliyoongezwa maji kidogo, kisha hugongwagongwa kwa brashi iliyolowa hadi ijikunje kuwa viwimbi. Ikikauka hupakwa rangi, halafu tabaka tatu au nne za varnishi inayong'aa. Matokeo hushangaza watu waliozoea kudhani kwamba kitu cha bei ndogo hakiwezi kuwa kizuri. Njia hii haionyeshi kilichoko chini ya maji, lakini Ziwa Victoria nalo kwa kawaida halionyeshi. Ikumbukwe tu kwamba gundi nyeupe huvuta unyevu na kurudi kuwa na ukungu, hivyo varnishi haina budi kuifunika hadi kingoni.

Penye maji angavu yanayoonyesha mawe au samaki, resini ya epoksi haina mshindani. Huja katika chupa mbili, resini na kikazishi, ambazo huchanganywa kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji. Hapa wengi hukosea kwa sababu uwiano wa ujazo si uwiano wa uzito. Kilichoandikwa kwa mizani kipimwe kwa mizani. Mchanganyiko hukorogwa polepole kwa dakika kadhaa, ukikwanguliwa pembeni na chini ya chombo, maana sehemu isiyochanganyika hubaki inanata hata baada ya mwezi. Tone moja la rangi hutosha kikombe kizima.

Resini humiminwa kwa tabaka nyembamba, milimita chache kila mara, na kila tabaka huachwa ikauke, mara nyingi kwa siku nzima. Anayemimina kina chote kwa pupa hupata adhabu ya papo hapo: epoksi hutoa joto inapoganda, na joto la donge nene huweza kuipasua, kuigeuza manjano na kuyeyusha povu gumu lililo chini yake. Mapovu ya hewa huondolewa kwa kupitisha kikaushia nywele juu yake kwa umbali na kwa muda mfupi. Kisha modeli hufunikwa kwa sanduku, kwa sababu vumbi la barabara za Kampala halimsubiri mtu.

Hali ya hewa ya jiji, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, inaifaa epoksi mchana, ingawa usiku baridi huchelewesha ugumu wake. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, huleta tatizo la pekee: unyevu hewani huacha utando kama nta juu ya resini. Utando huo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya tabaka inayofuata, la sivyo tabaka hizo mbili hazitashikana.

Resini ya poliesta, ambayo mafundi wa boti za nyuzi za kioo huifahamu, ni nafuu zaidi, lakini kimiminika chake hula povu la stairofomu kama mchwa alavyo mbao, na harufu yake haifai kabisa katika chumba cha kulala au darasa. Epoksi nayo si salama kwa kuwa haina harufu kali. Ikigusa ngozi mara kwa mara huzusha mzio ambao haumwachi mtu maishani. Glavu, madirisha wazi na barakoa wakati wa kupiga msasa ni sehemu ya vifaa vya kazi, na watoto wasiachiwe kuichanganya. Mabaki yaachwe yagande kikombeni, yasimwagwe kwenye sinki.

Povu na maporomoko

Uso wa resini ukikauka huwa laini kama kioo, na kioo ni kitu adimu katika maumbile. Upepo mdogo tu hulitia ziwa mikunjo. Mikunjo hiyo huongezwa kwa jeli ya akriliki inayong'aa, ambayo ni nyeupe inapopakwa na angavu inapokauka. Hapa skeli hudai nidhamu: wimbi la sentimita 30 kwenye modeli ya 1:87 lina urefu wa milimita tatu na nusu tu, na wimbi lililozidi hapo humgeuza mvuvi ndani ya mtumbwi wake kuwa mtu aliyekumbwa na tufani.

Maporomoko ndiyo mtihani. Maji yanayoanguka huonekana meupe kwa sababu yamechanganyika na hewa, na mapovu yasiyohesabika hutawanya mwanga wa kila rangi pande zote. Weupe huo hauanzii juu. Pale maji yanapojipinda kwenye ukingo wa mwamba bado ni kioo kizito, cha kijani au kahawia, chenye mistari. Hupasuka akiwa ameshaanza kushuka, na weupe mkali kuliko wote uko chini, yanapogonga. Anayepaka weupe sawasawa kutoka juu hadi chini hupata pazia.

Mbinu inayotumiwa sana ni ya silikoni angavu, ileile ya kuzibia vioo na bafu. Huchorwa mistari mingi iliyokaribiana juu ya karatasi ya plastiki, kisha huvutwa kwa kijiti cha meno kutoka juu kwenda chini ili mistari iungane na kuachana kama maji yafanyavyo. Baada ya siku moja hubanduliwa na kubandikwa kwenye mwamba. Rangi haishiki juu ya silikoni iliyokauka, kwa hiyo chembe ya rangi nyeupe huchanganywa nayo ikiwa mbichi, nyingi zaidi kwa mistari ya chini. Wasiopenda harufu yake ya siki hutumia mshipi mwembamba wa kuvulia uliopakwa jeli. Ukungu unaopanda kutoka chini hufanywa kwa pamba iliyochambuliwa hadi ikaribie kutoonekana. Pamba ndiyo inayoharibu maporomoko mengi, kwa kuwa mkono hauridhiki na kidogo.

Chini ya maporomoko povu halikai mahali pamoja. Husukumwa na mkondo, hutengeneza mistari mirefu, huzunguka nyuma ya mawe na kutulia kwenye vidaka vya ukingo. Ni mistari hiyo, na si maporomoko yenyewe, inayomwambia mtazamaji kwamba maji yanakwenda upande gani.

Ukingo nao usisahaulike. Maji ya Uganda mara chache hukutana na mchanga mtupu. Hukutana na mafunjo. Shina la mafunjo hutengenezwa kwa nyuzi za ufagio, na kichwa chake kwa manyoya ya brashi yaliyofumuliwa. Mimea halisi iliyokaushwa ipakwe varnishi kwanza, maana resini hupanda ndani yake na kutoa mapovu. Gugumaji linaloelea linatambulisha zama: modeli ya Ziwa Victoria ya mwaka 1950 iliyojaa gugumaji ina kosa la miongo minne, kwani mmea huo ulienea ziwani tangu mwisho wa miaka ya 1980.

Ripon kwenye meza

Mwingereza John Hanning Speke alifika Ripon tarehe 28 Julai 1862. Kitabu chake cha mwaka uliofuata kinakadiria maporomoko kuwa na kimo cha futi 12 na upana wa futi 400 hadi 500, yaani chini ya mita 4 kwa mita 120 hadi 150. Aliandika kwamba Waganda walipaita mahali hapo Mawe, na jina la mji wa Jinja linatokana na neno hilohilo. Anaeleza pia kuhusu samaki wakiruka kwa maelfu, wavuvi wa Wasoga na Waganda wakiwa juu ya miamba na ndoana zao, viboko na mamba wakisinzia majini, mitumbwi ya kuvusha watu ikifanya kazi upande wa juu, na ng'ombe wakiletwa kunywa.

Vipimo hivyo huwashtua wanaotarajia ukuta mrefu wa maji. Kwenye skeli 1:200, Ripon ina upana wa sentimita 75 na kimo kisichofika sentimita 2. Kishawishi cha kukiongeza kimo ni kikubwa, na waandaaji wengi wa maonyesho wangekishabikia. Lakini maporomoko haya hayakuwa Murchison, ambako Nile yote hubanwa kwenye mwanya wa takriban mita 7. Ukubwa wa Ripon ulikuwa katika upana wake, na katika wingi wa maji yaliyopita kati ya visiwa vya mawe yenye miti bila kupumzika. Anayekiongeza kimo anaunda mahali pengine na kupapa jina la Ripon, na kwa kuwa hakuna anayeweza kwenda Jinja kuhakikisha, kosa lake halitasahihishwa na mtu.

Bujagali ina ushahidi mwingi zaidi, kwa kuwa mashabiki wa maboti ya mpira walipita hapo kwa miaka mingi wakiwa na kamera. Kwa imani ya Wabasoga, hapo palikuwa makao ya roho aitwaye Budhagaali, na kabla ya ujenzi wa bwawa lile la megawati 250 palizuka mabishano marefu kuhusu tambiko za kuihamisha. Fundi anayeunda mahali pa namna hiyo hana budi kuwauliza wazee wa Busoga ni mwamba upi uliokuwa na jina na ukingo upi haukukanyagwa, kwa sababu kamera za watalii zilielekezwa kwenye povu.

Kiasi cha maji nacho hutofautiana. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili kati ya mwaka 1961 na 1964, na mafuriko ya wakati huo yalifungua mkondo wa pili kando ya Murchison, ulioitwa Maporomoko ya Uhuru kwa kuwa yalitokea mwaka 1962. Mwezi Mei 2020 ziwa lilifikia tena kiwango hicho cha juu na kuzamisha fukwe za Ggaba na Entebbe. Kibao cha modeli, kwa hiyo, kitaje mwaka na ikiwezekana mwezi, skeli, na picha au maandishi yaliyofuatwa.

Modeli iliyokamilika iwekwe mbali na dirisha, kwa sababu jua hugeuza epoksi kuwa manjano ndani ya miaka michache, na kioo cha kufunika huizuia na vumbi. Isiyo na kioo hufagiliwa kwa brashi laini, kisha hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Mng'ao ukififia, tabaka moja nyembamba ya varnishi huurudisha.